Stelingi Hafi, Bibi Je?

Oya wana, tuwekane sawa kwanza. Huku kwetu Mlangali, Ludewa, mkoani Njombe, hakuna popcorn. Hakuna kiti cha kukunja, hakuna dada wa kukumulikia tochi uione siti yako, hakuna ngazi za umeme za kukupandisha ghorofani ukakate tiketi. Ukumbi wa sinema wa aina hiyo, kwa mtu wa Ludewa, uko Dar pale Mlimani City, zaidi ya kilomita 700 kutoka huku, na ukipiga hesabu ya nauli, kulala na kula, muvi moja inakutoa mkwanja wa msimu mzima wa viazi. Sisi tuna banda. Mabanzi ya paina yamepigiliwa misumari, bati juu, ndani magunia na turubai kuziba nyufa, mabenchi ya ubao yanayokufanya utoke unatembea kama umepakiwa bodaboda kutoka hapa hadi Manda. Mbele tivii ya flati na spika mbili, pembeni king'amuzi, mlangoni dogo mmoja anakusanya jero. Siku ya dabi inapanda hadi buku. Mlango ni huo huo mmoja. Dirisha? Sahau.

Na mimi naandika kwa sababu ya hilo dirisha.

Rudi nyuma, Machi 2020. Jumatatu ya tarehe 16 Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wakati ule, anatangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, kule Arusha. Kesho yake Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, anafunga shule, anapiga stop mikusanyiko, ligi zinasimama. Vyuo vikafuata. Sasa kitaa wengi wakikusimulia watakwambia Serikali ndiyo iliyofunga mabanda. La kwetu lilikuwa limeshazimika. Ijumaa ya Machi 13 Waingereza walikuwa wamesimamisha ligi yao, Wahispania na Wataliano nao walikuwa wameshasimama, na banda bila mpira wa wikiendi ni stoo ya mabenchi. Mwenye banda alikaa nje siku mbili tatu anawasha marudio ya mechi za zamani, watu wanapita wanamsalimia kwa heshima zote, hawaingii. Akafunga kufuli akaenda kupalilia mahindi.

Kipindi kile kilikuwa na vituko vyake. Wana waliozoea mikeka walibaki hawana timu ya kuweka, hadi wakagundua Belarus bado wanacheza. Basi ukawa unamsikia jamaa wa Mlangali, hajawahi kufika hata Mbeya, anakuchambulia BATE Borisov kama alizaliwa nyuma ya goli lao. Na mikeka ilichanika vile vile.

Halafu wanachuo wakarudi. Dar, Iringa, Mbeya, Dodoma, wote wamefungiwa, wameshuka na mabegi na laptop zimejaa muvi. Hapo ndipo sinema ilipohamia geto. Chumba kimoja, kitanda kimoja, wana tisa wamelala kifudifudi juu ya godoro wanaangalia Wakorea kwenye skrini ya inchi 15. Waliokuwa na flash walikuwa wafalme. Yule jamaa wa stationery aliyezoea kukujazia flash kwa jero alipiga hela kuliko mwenye duka la nguo. Utasikia mtu anasema "mimi banda siendi, naogopa corona", kumbe jana yake alikuwa kwenye lile godoro, miguu ya mwenzake shingoni. Geto lenyewe mlango umefungwa na pazia limeshushwa ili mwenye nyumba asijue mnakula umeme wake.

Swali lenyewe, la kurudi banda au kukausha, lilikuja na Wajerumani. Mei 16, 2020 Bundesliga ikarudi, ya kwanza kati ya ligi kubwa za Ulaya, Dortmund wakaipiga Schalke nne bila, Haaland akafungua akaunti. Mwenye banda akatoa kufuli. Akaweka ndoo ya maji tiririka mlangoni na kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwa kamba ili kisitembee. Akasema, jamani, kila benchi watu watatu tu badala ya sita. Na bei ikabaki ile ile.

Sasa kijiweni ikawa bunge. Kumbuka hapo takwimu zetu zilikuwa zimeshasimama. Hesabu ya mwisho iliyotolewa nchini ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kimya. Mei 3 Rais Magufuli akiwa Chato alishasema papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa nayo, kwa hiyo kijiweni kila mtu alikuwa na papai la kukutupia ukianza kuongea kisayansi. Mtu haoni namba, haoni wodi, anaona jirani zake wako fiti wanalima. Unamwambiaje?

Kulikuwa na jamaa wa "stelingi hafi". Hao ndio wengi, na mimi nawaelewa. Umekulia banda, umelelewa na sauti ya Lufufu na baadaye DJ Mack na DJ Murphy wakikutafsiria Wachina na Wamarekani, umemwona Rambo anachomwa, anapigwa risasi, anajishona mwenyewe na uzi, anaamka. Umri wenyewe miaka 20. Unabeba gunia la viazi kutoka shamba hadi barabarani bila kuhema. Kirusi kitakufanya nini? Na tuseme ukweli, kwa takwimu za dunia jamaa hawakuwa wamekosea sana kuhusu miili yao: corona ilikuwa inaua wazee na wenye magonjwa mengine kwa kiwango kisicholingana kabisa na vijana. Stelingi wa miaka 20, mara nyingi, hafi.

Lakini mechi ikiisha stelingi anarudi wapi kulala?

Hapa Njombe hapafanani na kwingine. Mkoa wetu kwa miaka umekuwa kinara wa VVU nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulitukuta na asilimia 11.4 ya watu wazima, wa 2022/23 ukatukuta na 12.7, namba moja mara zote mbili. Nyuma ya hizo namba kuna kitu ambacho kila mtoto wa huku anakijua bila kuambiwa: wengi tumelelewa na bibi. Miaka ile dawa hazijafika, wazazi waliondoka wamefuatana, na bibi akaanza upya kazi aliyodhani ameimaliza. Ndiye aliyekulipia ada kwa ulanzi na maharage. Ndiye anayekuwekea makande jikoni ukirudi saa sita usiku kutoka banda. Ana miaka 70 na kitu, kifua chake kimekula moshi wa kuni miaka yote, na baridi la Juni likiingia anakohoa hadi asubuhi hata bila corona.

Halafu ongeza washkaji wenyewe ambao wako kwenye dawa. Hatuwataji, hatuwaulizi, ila tunajua wapo kwenye benchi lile lile, wengine wanakunywa vidonge vyao vizuri wako freshi kabisa, wengine wameviacha kwa sababu wanazozijua wao. Kwa hiyo yule anayesema "mimi siogopi" alikuwa anacheza na mkeka ambao hela si yake. Hilo ndilo nililokuwa nawaambia kijiweni na ndilo ninaloliamini hadi leo: kurudi banda haikuwa ishu ya ujasiri. Ilikuwa ishu ya nani anakusubiri nyumbani na banda lenyewe linapumuaje.

Bibi yangu mimi hakunikataza. Aliuliza kitu kimoja tu, "Huko mnakokwenda, mjukuu wangu, upepo unapita?" Nikamwambia hamna upepo, bibi, ndiyo maana tunakupenda kule, kuna joto. Akanyamaza akaendelea kupepeta maharage.

Mwanamke hajasoma hata darasa la nne, akauliza swali ambalo wataalamu walichukua zaidi ya mwaka kulipa uzito wake. Maana mwanzoni tuliambiwa nawa mikono, nawa mikono, nawa mikono. Sawa, kunawa hakujawahi kumdhuru mtu. Ila Machi 10, 2020, jimbo la Washington kule Marekani, kwaya moja ya Skagit ilikutana kufanya mazoezi, watu 61 ukumbini, karibu masaa mawili na nusu wanaimba. Walikuwa na vitakasa mikono mlangoni na hawakukumbatiana. Watu 53 wakaugua, wawili wakafa. Baada ya hapo watafiti wakaanza kusema kwa sauti: jamani, hiki kitu kinaelea kwenye hewa ya ndani, na mtu akiimba au kupiga kelele anakitoa kwa wingi.

Sasa chukua hiyo kwaya uilete banda. Kwenye ukumbi wa Mlimani City mtu anakaa kimya, anaangalia mbele, anatafuna bisi zake, akiongea anaambiwa "shhh". Banda la kwetu ukikaa kimya watu watadhani umefiwa. Banda kila mtu ni mtangazaji, kila mtu ni kocha. Refa anatukanwa kwa Kiswahili na kwa Kipangwa. Ikipigwa faulo watu 80 wanasimama. Likiingia goli, yale mabati yanatetemeka, mtu usiyemjua anakurukia mgongoni anakupigia kelele ndani ya sikio. Muvi nazo hivyo hivyo, adui akijificha nyuma ya mlango banda zima linamwonya stelingi. Kwa hiyo kuwaambia wana "kaeni mbali mbali kwenye benchi" huku mlango umefungwa, ni kupunguza watu bila kubadilisha hewa. Wajapani walikuwa na kanuni yao rahisi, kwepa vitu vitatu: sehemu iliyofungwa, watu waliobanana, na maongezi ya karibu karibu. Banda la Mlangali mwezi wa sita lina vyote vitatu kwa jero.

Na huo mwezi wa sita ndio wenyewe. Mtu wa Pwani hawezi kuelewa. Yeye banda lake ni miti minne na turubai juu, upepo wa bahari unapita bure. Huku Juni na Julai asubuhi unaamka majani yana weupe wa barafu, ukitoka nje pumzi inaonekana. Usiku saa nne, mechi ya pili inaanza, ukifungua mlango wa banda watu wanakutukana ukoo. Makoti mawili mawili, kofia za sufu, na kuna wengine wanaingiza jiko la mkaa katikati ya mabenchi. Kila tundu limezibwa. Yaani kirusi kiletwe na nani sijui, sisi tumeshakiandalia blanketi.

Nikamfuata mwenye banda. Nikamwambia blaza, toboa dirisha. Akacheka sana. Akanieleza biashara, na nakiri hoja zake zilikuwa na uzito kuliko nilivyotegemea. Cha kwanza kwake wala haikuwa baridi. Ilikuwa wachunguliaji. Ukitoboa dirisha, madogo 30 wanasimama nje wanaangalia mechi bure, halafu waliolipa wanaona kumbe wamelipa ujinga, wiki ijayo nao wako dirishani. Pia mchana mwanga unaingia, tivii inafifia. Mabanda yalijengwa bila madirisha kwa sababu ya kulinda jero, kama vile duka linavyowekewa nondo. Nilikuwa naongea afya, yeye anaongea mtaji, na familia yake inakula kutoka kwenye ule mtaji.

Tukabishana wiki nzima. Mwisho fundi mmoja wa mbao, mtu wa maneno machache, akasema si mnatoboa juu? Pale chini ya bati, juu ya kichwa cha mtu mrefu, unatoa banzi moja upande huu na banzi moja upande wa pili. Dogo hawezi kuchungulia mpaka alete ngazi. Mwanga unapiga dari, haupigi tivii. Hewa ya moto inapanda inatokea huko, ya baridi inaingia. Akatoa nyundo. Kazi ya nusu saa. Hafu taimu ikawa lazima wote mtoke nje mlango ubaki wazi, na nje kuna mama anachoma viazi, kwa hiyo hata mama akapiga hela. Banda lilikuwa baridi zaidi? Lilikuwa. Kuna waliohama wakaenda lile lingine la chini ambalo lilibaki limezibwa. Mimi nikarudi, nakaa benchi la karibu na mlango, barakoa ya kitenge usoni, na nikifika nyumbani siendi kukaa jikoni kwa bibi kupiga stori. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma zaidi kuliko baridi.

Sasa ngoja nikuonyeshe ilivyokuwa kali. Juni 17 Ligi ya Uingereza ikarudi, viwanja vitupu, kelele za mashabiki wanawekewa na kompyuta. Juni 25 Liverpool wakawa mabingwa baada ya miaka 30 ya kusubiri, na mtu aliyezaliwa nyuma ya Anfield, tiketi ya msimu mfukoni, haruhusiwi kuingia. Wakati huo sisi Mlangali tumebanana tunamshangilia kwa niaba yake. Wao waliolipwa kucheza walikuwa wanapimwa kila wiki, benchi la akiba wamekaa mbali mbali na barakoa. Sisi tuliolipa kuangalia hatukupimwa na mtu. Nilikuwa naitazama ile skrini, naona dunia yenyewe ndani ya tivii inaogopa, halafu nageuka naona jamaa wanagawana kikombe kimoja cha ulanzi benchi zima.

Na huku nyumbani michezo ilishafunguliwa Juni 1. Mwanzoni mwa mwezi huo Rais akasema corona imeondolewa nchini kwa nguvu za Mungu. Juni 28 Simba wakabeba ubingwa Sokoine, Mbeya, kwa sare na Prisons, na huko uwanjani watu walikuwepo. Ukiwa kijana wa miaka 20 na kiongozi wa nchi amekwambia imeisha, nani wewe uvae barakoa banda? Mwisho wa mwezi wa saba ile ndoo ya maji tiririka niliiona kwa fundi ujenzi, inachanganyia saruji. Sabuni ilishaliwa na mtu.

Mambo yalipokuja kubadilika ilikuwa mwanzoni mwa 2021. Msiba huu, msiba ule. Kila mtu anasema "changamoto ya upumuaji", hakuna anayetaja jina. Kupiga nyungu ikawa mtindo, mikaratusi ikabaki matawi matupu. Februari 17 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki, na chama chake kilishasema wazi kwamba aliugua corona. Mwezi mmoja baadaye, Machi 17, Rais Magufuli akaondoka, Serikali ikatangaza ni tatizo la moyo. Sitaki kuchimba hapo. Ninachosema ni kwamba zile "stelingi hafi" kijiweni zilipungua sauti. Mtu akikohoa banda, benchi linajisogeza lenyewe bila kuambiwa na Serikali.

Halafu Juni ikarudi na baridi lake, na safari hii imekuja na Euro. Juni 11 hadi Julai 11, 2021, mechi mfululizo, na wimbi jipya juu. Hapa wanaodhani bongo tu ndiyo tulikuwa tunajitoa ufahamu waangalie Scotland, nchi yenye hospitali za kueleweka. Mamlaka yao ya afya ya jamii ilikuta wagonjwa 1,991 ambao walihudhuria tukio la Euro wakiwa tayari wanaweza kuambukiza. Ndani ya Wembley kwenyewe walikuwa 397 tu. Wengine wengi walikuwa kwenye baa, kwenye majumba, kwenye maeneo ya mashabiki. Yaani hata kwao, uwanja ulio wazi haukuwa tatizo kubwa kama zile sehemu za kuangalizia. Banda ni banda hata likiwa na zulia.

Na kuna waliokwenda upande wa pili kabisa. Uganda, wenzetu wa vibanda na ma-VJ wa kutafsiri muvi, baa na sehemu za starehe za usiku zilikaa zimefungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 24, 2022. Karibu miaka miwili, bro. Fikiria kijana wa Kampala ambaye mkate wake ni kukata tiketi. Mimi siwezi kusema Uganda walipatia. Kufunga kabisa kunaua jero ya mtu, kuachia kabisa kunaua bibi ya mtu, na katikati yake kulikuwa na banzi moja la kutolewa juu ya ukuta. Ni hasira tu inanipata nikifikiria ilivyokuwa rahisi, na mabanda mangapi hayakufanya.

Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu, chanjo za Johnson & Johnson, dozi zaidi ya milioni moja zilizokuja kwa mpango wa COVAX. Kitaa stori zikawa nyingi, oh utakuwa zombi, oh hutazaa. Muvi za kutafsiri zilituharibu hapo, nakubali. Bibi alichanjwa kabla yangu. Aliulizia tu kama sindano ni moja au mbili, akaambiwa moja, akasema basi twendeni mapema nirudi shamba.

Unajua kinachochekesha? Zamani sinema huku zilikuwa nje. Wazee wanakumbuka sinema ya gari, inafika kijijini, shuka jeupe linafungwa, watu wote wanakaa uwanjani na mablanketi yao, bure. Na Dar kulikuwa na Drive-In tangu 1966, unaingia na gari lako, unaangalia picha ukiwa umekaa ndani na familia, upepo wa Msasani unapita. Mwaka 2020 Wamarekani na Wazungu walizifufua za kwao kwa mbio kwa sababu ya corona. Ya kwetu pale Dar haikufufuka, eneo lake lina Ubalozi wa Marekani.

Wala si mara ya kwanza ugonjwa wa kifua kupita huku. Oktoba 1918, Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck kilikuwa kinarudi kutoka Msumbiji, kikapita Songea kuja Ubena, ndiyo Njombe hii, askari na wapagazi wanakohoa na homa ya mafua ile iliyozunguka dunia. Jenerali wao Wahle aliachwa hapa Ubena mgonjwa. Mwezi huo huo miji mingi ya Marekani ilikuwa imefunga kumbi za sinema. Huku hapakuwa na ukumbi wa kufunga, njia ikatosha. Leo njia ni lami ya Makambako, malori ya Zambia yanalala pale kila usiku, na bidhaa zetu zote zinapitia hapo. Chochote kitakachokuja tena kitashuka stendi kabla ya sisi kusikia kwenye redio.

Nasema kitakachokuja tena, ila kipo ambacho hakijawahi kuondoka. TB inasafiri kwa hewa hiyo hiyo ya ndani, Tanzania iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani, na mtu mwenye VVU ndiye inayempata kirahisi zaidi. Umeona inavyotuangukia Njombe? Na lile jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa halihitaji hata kirusi. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko ndani haikuamka.

Kwa hiyo kama unaniuliza mimi, banda uende. Siku hizi simu zimetufanya kila mtu anaangalia kivyake chini ya blanketi, bando likiisha unalala na hasira, hujui mwenzako amecheka wapi. Mimi bado naamini muvi ya vita bila watu 60 wanaomwonya stelingi ni video tu. Ila kabla hujatoa jero, inua kichwa uangalie juu ya ukuta. Ukiona mwanga unapita chini ya bati pande zote mbili, zama. Ukiona magunia hadi kwenye bati na jiko katikati, rudi kijiweni, matokeo utayapata kwenye simu. Na kama una kikohozi cha wiki mbili, achana na mambo ya banda, nenda kituo cha afya ukapime makohozi. Ni bure.

Kombe la Dunia la 2026 ni Juni 11 hadi Julai 19, kule Marekani, Mexico na Canada. Kwa saa zetu mechi nyingi zinaangukia usiku mnene, katikati ya baridi lenyewe. Mwaka unaofuata AFCON iko hapa nyumbani, pamoja na Kenya na Uganda. Mabanda yatajaa kuliko Euro ile. Wenye mabanda wa Mlangali, Lugarawa, Mawengi, Njombe mjini hadi Makambako, chukueni nyundo sasa hivi, toeni banzi moja kila upande. Wachunguliaji hawafiki huko juu, nimeshaona.